Nikiwaruhusu wafanyakazi wasikae ofisini, kampuni inapata nini?

"Kaka habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna kampuni ya kuuza na kutengeneza mashine za ofisi, printa, fotokopi, kompyuta na vitu vya aina hiyo. Tuna wafanyakazi 31: mafundi 9, wauzaji 5, stoo 3, na 14 waliobaki ni wahasibu, huduma kwa wateja na watu wa ofisini. Mwezi uliopita mhasibu wetu mzuri sana aliacha kazi, akasema anakokwenda wanamruhusu siku mbili za kufanyia kazi nyumbani. Sasa mwingine naye ameomba hivyohivyo, anasubiri jibu. Mume wangu anasema mtu usiyemuona hafanyi kazi. Mimi nasoma watu wanasema faida ni kubwa, eti uzalishaji unapanda na unaweza kukata ofisi nusu, na mkataba wetu wa pango unaisha baada ya miezi mitano. Mafundi wao wanaripoti saa mbili asubuhi kuchukua karatasi za kazi, wanatoka kama saa tatu na nusu, jioni wanarudisha karatasi. Naomba uniambie ukweli, hii kitu inaifaidisha biashara au ni kuwafurahisha wafanyakazi tu? Na nitajuaje kama wanafanya kazi kweli?"

Dada yangu, asante kwa kuniandikia kirefu namna hii, maana ungeniuliza tu "kazi za nyumbani ni nzuri au mbaya" ningekosa cha kukujibu. Nimelisoma swali lako mara tatu. Ninachokiona ni kwamba hofu mbili zinakuvuta huku na huku, ukikataa utaendelea kupoteza watu wazuri, ukikubali unaogopa kazi yenyewe itapotea. Na shemeji hajakosea kuuliza anachouliza, wasiwasi wake ni wa mtu anayeijali kampuni yake, ila ameuliza kwa namna ambayo haitampa jibu kamwe.

Nianze na jibu alafu tuelezane sababu. Ndiyo, biashara inafaidika, na si kidogo. Lakini faida yenyewe haipo pale unapoambiwa ipo. Haipo kwenye kukata ofisi nusu, na huko kupanda kwa uzalishaji pia si kwa kila kazi. Ipo kwenye watu kudumu kazini, na kwenye ule muda wa kazi unaopotelea barabarani na kwenye kusubiriana. Na kwa kampuni kama yako faida kubwa kuliko zote umeiandika mwenyewe kwenye sentensi moja ukaipita: mafundi wanaripoti saa mbili, wanatoka saa tatu na nusu. Hapo ndo nataka tukae sana, ila tutafika kwa hatua.

Kwanza tutoe jiwe moja njiani. Watu wengi wakisikia mambo haya wanapata picha moja tu, mtu kakaa nyumbani na laptopu. Hiyo ni aina moja. Kuna kubadilisha saa, yaani huyu aingie saa moja atoke mapema, yule aingie saa nne atoke jioni zaidi. Kuna kubadilisha mahali, leo nyumbani kesho ofisini. Na kuna kazi ya kutembea, ambapo mtu hahitaji meza kabisa, kila anachohitaji kinamfuata alipo kwenye simu au tableti. Ukizichanganya hizi tatu utamjibu fundi kwa jibu la mhasibu, na mtu wa stoo utamwambia "wewe haikuhusu" wakati inamhusu sana.

Alafu lile swali lako la "faida ya biashara au kuwafurahisha wafanyakazi", hebu tuangalie jambo hili lilianzaje. Mwaka 1967 kampuni moja ya kutengeneza ndege karibu na Munich, Ujerumani, ilikuwa inateswa na msongamano, wafanyakazi wote wanafika kwa dakika zilezile na wanatoka kwa dakika zilezile, barabara inaziba. Wakaamua kuna saa za katikati ya siku ambazo kila mtu lazima awepo, za kuingia na kutoka kila mmoja ajipangie mwenyewe mradi atimize saa zake. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Jack Nilles, aliyekuwa amefanya kazi za mambo ya roketi, akaanza kujaribu na kampuni ya bima namna ya kuwaachia watu wafanye kazi karibu na makwao, kazi ndo isafiri badala ya wao kusafiri. Unaona? Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza kwa kutoa fadhila. Walikuwa wanaziba sehemu ambayo muda ulikuwa unavuja. Ukilishika hilo utafanya uamuzi mzuri, maana utaacha kujiuliza "nani anastahili kuruhusiwa" na utaanza kujiuliza "muda wetu unavuja wapi".

Sasa tuje kwa shemeji. Microsoft mwaka 2022 waliuliza watu wengi sana katika nchi mbalimbali, na wafanyakazi 87 kati ya kila 100 wakasema wanazalisha vizuri, huku viongozi 85 kati ya kila 100 wakisema huu utaratibu wa nyumbani na ofisini umewapa shida kuamini kwamba watu wanazalisha. Huo mgogoro wa nyumbani kwenu ndo huohuo wa dunia nzima. Na angalia vizuri, hapo hakuna aliyepimwa, kila upande umesema unachokiona. Kwa hiyo ukimletea shemeji namba za aina hiyo atakujibu "hao wanajisifu", na atakuwa na haki.

Yapo majaribio ambayo watu walipimwa kweli, na mimi nayapenda kwa sababu hayakumpendelea mtu. La kwanza lilifanyika China, kwenye kampuni ya safari iitwayo Ctrip, kuanzia mwishoni mwa 2010, watafiti wakiongozwa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watu wa huduma ya simu 249 waliojitolea, waliozaliwa tarehe za shufwa wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wa tarehe za witiri wakabaki ofisini, miezi tisa. Waliokuwa nyumbani walifanya kazi asilimia 13 zaidi. Ila sikiliza hiyo 13 imetoka wapi, maana hapo ndo pana somo: asilimia 9 ilitokana tu na kufanya dakika nyingi zaidi ndani ya zamu, mapumziko machache, siku za kuumwa chache, na 4 ikatokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa dakika kwa sababu kwao palikuwa na utulivu. Yaani hawakugeuka kuwa werevu zaidi, muda ndo uliacha kuvuja. Na kuacha kazi kulipungua kwa nusu.

Lakini ilikuja na upande wa pili. Watu walipata upweke, na waliokuwa nyumbani hawakupandishwa vyeo kulingana na kazi nzuri waliyoifanya, inaonekana aliye mbali na macho anasahaulika. Kampuni ilipowaachia baadaye wachague wenyewe, zaidi ya nusu walibadilisha walipokuwa, na baada ya kila mtu kuwa pale panapomfaa ile faida ikafika asilimia 22. Kwa hiyo lililozaa faida kubwa zaidi lilikuwa uchaguzi wenyewe, kuliko hata nyumba.

Tofauti kabisa na hilo, kuna utafiti wa kampuni moja kubwa ya teknolojia huko India wakati wa korona, wataalamu zaidi ya 10,000, wote walihamia nyumbani siku zote. Hao walifanya kazi saa nyingi zaidi, hadi nje ya muda wa kazi, na kilichotoka kikapungua kidogo. Ukikigawa kwa saa, uzalishaji ulishuka kati ya asilimia 8 na 19. Kwa nini? Kazi yao si ya mtu mmoja na simu yake, ni ya kutegemeana. Miting zikaongezeka, kila kitu ambacho ungemuuliza mtu wa meza ya pili kikawa kikao, na muda wa kukaa mtu akafikiri bila kukatizwa ukapungua.

Sasa hizo mbili hazipingani hata kidogo. Kazi inayofanywa na mtu mmoja, inayohesabika, inayohitaji utulivu, inavumilia umbali na saa ingine inanoga zaidi. Kazi ya kuulizana kila baada ya dakika kumi inaumia. Wahasibu wako wanapofunga hesabu ni kundi la kwanza, huduma kwa wateja nao kwa sehemu kubwa hivyohivyo. Siku mnayopanga bei mpya au mnabishana kuhusu mteja asiyelipa ni kundi la pili, hiyo siku muwe pamoja.

Na kuna jaribio la tatu ambalo ndo linafanana na ombi la huyo mhasibu wako. Kampuni ileile ya China, sasa inaitwa Trip.com, mwaka 2021 na 2022, wafanyakazi 1,612, safari hii watu wa fedha, masoko, wahandisi na kadhalika, nusu yao wakapewa Jumatano na Ijumaa za nyumbani. Matokeo yalitangazwa 2024: kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja, na walipofuatilia tathmini za kazi na kupandishwa vyeo kwa miaka miwili hawakuona tofauti yoyote kati ya makundi mawili. Mwambie shemeji hiyo ya pili kwa sauti. Kazi haikupanda wala haikushuka, ila watu walibaki. Na mameneja wenyewe kabla ya jaribio walitarajia uzalishaji utashuka, baada ya jaribio wakawa wanaamini umepanda kidogo.

Sasa hiyo theluthi ina maana gani kwako wewe? Fikiria huyo mhasibu aliyeondoka. Sijui umempata wa kuziba pengo ama bado, lakini hesabu siku: wiki za kutangaza na kuhoji, wiki za yeye kumalizia notisi kwao, alafu miezi kadhaa ya kujifunza kwamba mteja fulani analipa mwisho wa mwezi lakini anataka karatasi tarehe 20, na kwamba mwingine ana mashine mbili zenye mkataba mmoja. Muda wote huo mwenzake aliyebaki anabeba mzigo wa wawili, na ndo huyo sasa ameomba. Mtu mzuri akiondoka huwa haondoki peke yake, anamchosha aliyebaki mpaka naye anaanza kuangalia mlango. Hii gharama haiandikwi kwenye vitabu popote, ndo maana wenye kampuni wengi hawaioni, wanaona tu mshahara.

Haya, mafundi. Naomba nikae hapa kidogo maana nimeifanyia kazi kampuni moja ya aina yenu na asubuhi ile bado naiona. Saa mbili, mafundi wamesimama mbele ya meza ya dada anayepanga kazi, ana rundo la karatasi, simu iko begani kaibana na sikio, mteja analalamika mashine inakula karatasi tangu jana. Fundi wa kwanza anachukua karatasi zake, anasoma, anaenda stoo kuchukua spea, stoo hakuna roli ya aina hiyo, anarudi mezani, karatasi inabadilishwa. Wa tisa bado amesimama. Jioni wanarudi na karatasi zenye sahihi ya mteja, zingine zina alama ya wino wa tona, na keshokutwa yake mhasibu anampigia fundi aliye juu ya ngazi kwa mteja mwingine, "samahani kaka, hii uliyoandika ni 7 au 1?" Invoisi ya kazi iliyofanyika Jumatatu inatoka Ijumaa, saa ingine wiki inayofuata.

Kilichofanyika pale hakikuwa cha ajabu. Kazi zikawa zinaingia kwenye simu ya fundi jioni iliyotangulia. Spea zinazotumika sana wakakaa nazo kwenye gari na kujaziwa mara mbili kwa wiki, zile za nadra stoo waliziandaa kwenye boksi lenye jina la fundi, akipita anachukua bila kusimama mstarini. Fundi anatoka nyumbani kwake anaenda moja kwa moja kwa mteja wa kwanza. Akimaliza mteja anaweka sahihi kwenye kioo cha simu, fundi anapiga picha ya mita ya mashine, ile inayohesabu kurasa zilizotoka, na kabla hajafunga boksi lake la vifaa mhasibu tayari ana kila kitu cha kutengeneza invoisi.

Tufanye hesabu ya kwako, na tuifanye kwa ubahili. Tuseme kati ya ile saa moja na nusu ya asubuhi na muda wa jioni wa kurudisha karatasi, unaokoa saa moja tu kwa kila fundi kwa siku. Mafundi tisa, saa tisa kila siku. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya kazi ya mtu mmoja, kila siku, yaani umepata fundi wa kumi bila kuajiri. Wateja wanafikiwa mapema, invoisi zinatoka siku hiyohiyo, hela inaingia mapema. Ndo maana nimesema umeipita faida yako. Wewe na shemeji mmekuwa mkibishana kuhusu mtu asiyeonekana, na mafundi wenu hawajawahi kuonekana hata siku moja! Siku nzima wako kwa wateja, na mnawaamini, kwa sababu mashine ikipona mnajua na isipopona mnajua. Wahasibu mnaweza kuwaamini kwa njia hiyohiyo, mkijua cha kuangalia.

Hilo linatuleta kwenye swali lako la "nitajuaje". Tafadhali usinunue zile programu zinazopiga picha ya kioo cha mfanyakazi kila baada ya dakika chache au zinazohesabu mausi imesogea mara ngapi. Utapata mausi inayosogea sana. Mtu akijua unapima kusogea atakupa kusogea, na yule mwaminifu ataumia moyo aondoke kwanza. Vivyo hivyo kumfuatilia fundi kwenye ramani kila dakika, mahali alipo kuna faida kwa anayepanga kazi ili ampe mteja wa karibu, lakini ikiwa ya kumkamata tu itakuletea ugomvi usio na faida, na baada ya saa za kazi lazima izimwe.

Pima kinachotoka, na uanze kupima kabla hujabadilisha chochote, mwezi mzima, la sivyo baadaye hutajua kama mambo yamepanda au yameshuka na mtarudi kubishana kwa hisia. Kwa mafundi angalia mashine ngapi zinapona kwa safari ya kwanza bila kurudiwa, na muda gani unapita toka mteja apige simu hadi kazi ifungwe. Huduma kwa wateja, simu ngapi hazikupokelewa na wateja wangapi wamepiga tena kwa tatizo lilelile. Wahasibu, hesabu za mwezi zinafungwa tarehe ngapi, invoisi zenye makosa ngapi, na kazi iliyofanyika inachukua siku ngapi kuwa invoisi. Viwili vitatu kwa kila kundi vinatosha. Ukiweka kumi na tano hutavifuata, nakuambia kwa kuona.

Kuhusu pango, hapa ndo naomba upunguze kasi. Hesabu inayokudanganya ni hii: watu 14 wa ofisini, kila mmoja siku mbili nyumbani, basi kwa wastani wanakuwepo watu wanane au tisa, kwa hiyo nahitaji meza tisa. Kweli wastani ni 8.4. Lakini hakuna mtu anayekaa kwenye wastani. Waachie wachague na wengi watachukua Jumatatu na Ijumaa, kwa hiyo Jumanne mpaka Alhamisi wako karibu wote 14, na meza ni tisa. Ukiwalazimisha wagawane siku ili meza zitoshe, hapo umeokoa meza lakini umeua sababu ya kuja ofisini, maana mtu anakuja anakuta aliyekuwa anamhitaji leo yuko nyumbani. Ni ama hiki ama kile, na mimi ningechagua watu wakutane, pango lipungue kidogo tu au lisipungue kabisa kwa mwaka wa kwanza. Pale mtakapopata nafasi kweli ni kwenye meza za wauzaji watano ambao naamini mchana hawapo, na ile sehemu mafundi wanayosimama asubuhi.

Una miezi mitano. Mwezi wa kwanza pima, miezi mitatu inayofuata jaribu, mwezi wa mwisho ongea na mwenye nyumba ukiwa na namba zako mkononi. Ikiwezekana muombe mkataba wa muda mfupi zaidi, au kipengele cha kurudisha sehemu ya nafasi katikati ya mkataba.

Jaribio lenyewe ningelipanga hivi: wahasibu na huduma kwa wateja siku mbili nyumbani, siku zilezile kwa timu nzima ili zile tatu wakutane wote, kuwe na saa za katikati ya siku ambazo kila mtu anapatikana, za pembeni ajipangie. Mpya asiende nyumbani mapema, miezi yake ya kwanza akae karibu na anayemfundisha, maana maswali ya mgeni ni madogomadogo na mtu anaona aibu kumpigia mwenzake simu kwa ajili ya kitu kidogo, anabaki anakosea kimyakimya. Watu wa stoo na mapokezi usiwasahau, hao boksi haliendi nyumbani, lakini unaweza kuwapa haki ya kubadilishana zamu, au kuingia mapema na kutoka mapema, mtoto akiumwa wasilazimike kudanganya. Ukiwapa walioko kwenye kompyuta peke yao utagawa kampuni yako katikati, na chuki ya namna hiyo haiishi upesi.

Na uandike. Maamuzi yaliyokuwa yanapita mdomoni sasa yaandikwe sehemu moja ambayo kila mtu anaiona, si kwenye makundi matano ya WhatsApp. Kuna utafiti wa wafanyakazi wa Microsoft wa Marekani zaidi ya 61,000, ulitoka 2021, ulionyesha kwamba wote walipohamia nyumbani kila kundi lilizidi kuongea lenyewe kwa lenyewe na nyuzi za kati ya kundi na kundi zikalegea. Kwako ni watu 31 tu lakini inatokea hivyohivyo, mhasibu na fundi wataacha kujuana, na siku mteja amekasirika ndo utaona gharama yake. Siku zile tatu za pamoja tumia moja kuwaleta na mafundi, hata kwa saa moja mbili.

Kuna gharama nyingine ambayo kampuni nyingi huwa zinamsukumia mfanyakazi bila kusema, intaneti, umeme, kiti cha kukalia, simu yake mwenyewe na bando lake. Ukifanya hivyo hujaokoa kitu, umepunguza mshahara kwa mlango wa nyuma na watu wanajua kuhesabu. Toa kompyuta ya kampuni, changia intaneti, na fundi apewe simu ya kazi. Hiyo simu ya kazi inakulinda na wewe pia: siku ikidondoka au kuibiwa, na itadondoka, uwe na uwezo wa kuifuta ukiwa mbali. Kila anayeingia kwenye mfumo kutoka nje atumie paswedi yake mwenyewe na uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi athibitishe tena kwa njia nyingine kama namba inayokuja kwenye simu yake, asiwepo mtu wa "tumia ya kwangu". Wateja wamekupa namba na mikataba yao, hiyo ni amana.

Sasa, yapo mambo ambayo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Kabla hujabadilisha mahali au saa za kazi kaa na mwanasheria wa mambo ya ajira wa huko uliko, muangalie mikataba inasemaje kuhusu saa za ziada, na mtu akiumia akiwa kazini lakini yuko nyumbani nani anahusika, sheria zinatofautiana sana na kukisia hapa ni hatari. Yupo mfanyakazi anayetaka kufanyia kazi nchi nyingine? Hapo ongeza mtu wa kodi, usikubali kwa mdomo. Kabla mfumo wa hesabu haujafunguliwa kwa watu walio nje, fundi wa usalama wa mitandao aje aukague kwa macho yake, hata ninyi ambao kompyuta ndo kazi yenu, kwa sababu kila mtu ana sehemu ya nyumba yake asiyoiona. Na ukiona mtu aliyekuwa mchangamfu amekuwa kimya, anajibu ujumbe saa nane za usiku, au anaanza kuchelewa kwa vitu ambavyo hakuwahi kuchelewa, usimtumie ujumbe mwingine. Mwite ana kwa ana mkae muongee, na akionekana amezidiwa msaidie amfikie daktari au mshauri. Upweke kwenye lile jaribio la kwanza ulikuwa wa kweli, usiuchukulie kama uvivu.

Yule mhasibu anayesubiri, mjibu wiki hii. Huhitaji kumaliza yote haya kwanza. Mwambie ombi lako nimelisikia, mwezi huu tunapima kazi zetu, baada ya hapo wewe na timu yako mtaanza siku mbili kwa majaribio ya miezi mitatu, na haya ndo mambo mawili matatu tutakayoangalia. Mwonyeshe na karatasi yenyewe, umuulize kama anaona kuna kitu umekisahau, yeye anajua kazi yake kuliko mimi na wewe. Na shemeji awepo kwenye hicho kikao, asikie kwa masikio yake huyo mtu anataka kufanya nini na siku zake mbili.